Hatua Ishirini za Emilian

Watu wa Itundwe wana mengi ya kunisema, lakini hakuna hata mmoja anayeweza kusema kwamba boma langu lilikuwa baya. Handaki lilinifika kifuani. Ukingo wa udongo niliushindilia kwa mchi mpaka ukawa mgumu. Juu yake nililaza matawi ya mgunga, miiba ikitazama msitu, na kwa ndani nikapanda safu mbili za minyaa, ikabanana mpaka kuku wangu wakakata tamaa ya kupita. Hatua ishirini kamili. Ngassa, kamanda wa sungusungu, alizipima tena kwa miguu yake mirefu, akasukuma kwa rungu hapa na pale, akasema, "Emilian, wewe umejenga. Wenzako wametupa matawi." Nilitembea na sifa hiyo wiki nzima kama mtu aliyevaa kofia mpya.

Kijiji chetu kiko magharibi ya Tabora, na njia ya zamani ya misafara ya kwenda Ujiji inapita katikati yake. Enzi hizo babu zetu walijizungushia magogo kwa sababu ya waporaji, na hadi leo wapo wazee wanaokuonyesha mahali yaliposimama. Kwa hiyo mwenyekiti wetu, Lugembe, alipoitisha mkutano akasema tujenge tena, hakuna aliyeona ni jambo la ajabu. Upande wa magharibi kuna msitu, na kupitia msitu huo, miaka yote, wamekuwa wakija watu kutoka Burundi kutafuta kazi kwenye tumbaku yetu. Wanatembea siku nyingi, wanafika wamekonda, wanachuma majani, wanapasua kuni, wanakausha, msimu ukiisha wanarudi kwao. Hawana vibali. Hakuna aliyewahi kuwauliza vibali wakati tumbaku imeiva.

Lakini mwaka uliotangulia boma, mdogo wangu Leodgar alipigwa risasi kwenye njia ya msituni, pikipiki yake ikachukuliwa. Nilimkuta mimi, nzi wakiwa wamenitangulia. Hakuna aliyemwona muuaji. Ila kwa kuwa ilitokea msituni, tukasema ni Warundi, na aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote ni mimi. Nilikuwa na uchungu, na uchungu unataka jina la kulitaja.

Mke wangu Recheli alizaliwa Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi. Wazazi wake walitoka Burundi. Zilipofika zile karatasi za kuchagua, kubaki na uraia wa Tanzania au kurudi, Recheli alikuwa ameshaolewa na mimi, akabaki. Baba yake, mzee Anton, akachagua kurudi akafie kwao, akamchukua kitinda mimba wake Anselm, mtoto wa miaka tisa. Basi watoto wa tumbo moja, waliozaliwa chumba kimoja, mkoa huuhuu wa Tabora, mmoja akawa Mtanzania na mwingine akawa mhamiaji haramu.

Anselm alipokua akaanza kuja kila msimu kunisaidia. Misimu sita. Hakuna kijana aliyejua moto wa bani kama yeye. Bani ni kile kibanda cha kukaushia tumbaku. Moto ukizidi majani yanaungua, ukipungua yanaoza, na inabidi ukae nao siku sita au saba bila kuuacha. Anselm aliweka kiganja ukutani tu, akakwambia ongeza kuni au punguza. Kijiji kizima kilimjua. Lugembe mwenyewe alishawahi kumwazima.

Siku ya mkutano Recheli alisimama katikati ya wanawake, akauliza, "Mwenyekiti, na mimi mtanijengea wapi? Ndani au nje?" Watu wakacheka. Mimi nikaona haya, nikamwambia aketi asinitie aibu. Akaketi. Siku iliyofuata alibeba matawi ya mgunga kichwani kama wanawake wengine, na jioni nilimtoa miiba shingoni kwa sindano.

Tuligawana hivi: kila kaya hatua ishirini, kaya mia moja na arobaini, ukuta wote ukitazama magharibi. Mashariki tuliacha wazi, maana huko inapita barabara ya serikali, na barabara ya serikali huwezi kuizibia. Sheria ikapitishwa pia: mgeni asiye na karatasi atapigwa viboko na kukabidhiwa polisi, na anayemhifadhi atapigwa vilevile. Nilinyoosha mkono wa kwanza. Kisha nikampigia simu Anselm, nikamwambia mwaka huu asije.

Mwezi wa pili tumbaku ikaiva. Nilikuwa peke yangu na Recheli, na mgongo wangu ukiwa umekwisha. Ajabu ni kwamba mashamba ya wenzangu yalikuwa yakichumwa. Unapita asubuhi kwa Lugembe unaona majani yamesimama, unapita jioni unakuta mashina matupu. Nikamwuliza, akasema wanawe wamekuwa wachapakazi. Wale wanawe ninaowajua mimi? Nilimtazama, akakohoa, akaanza habari za mvua.

Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, asubuhi, niliingia kwenye bani langu nikakuta majani yamepangwa safi juu ya vijiti, moto unawaka, na Anselm amechuchumaa mbele ya tanuru.

"Shikamoo, shemeji," akasema.

Sikuitika. Nilimkunja shati, nikamburuta mpaka ukutani. Nilimwuliza kama anataka nipigwe viboko mbele ya wanakijiji, mimi niliyenyoosha mkono wa kwanza. Recheli akaingia mbio na mwiko mkononi.

"Mwache! Nimemwita mimi," akasema. "Ulitaka tumbaku ivunwe na boma lako?"

Nikamwachia. Anselm akajinyoosha shati polepole. Hakuwa na hasira. Hakuwa mtu wa hasira, na hilo lilinikera zaidi.

"Umepitaje?" nikamwuliza.

"Kwa mwenyekiti."

"Kwa mwenyekiti wapi?"

"Kwenye hatua zake ishirini. Ana mlango. Unainua tawi moja, unavuka ubao, unaingia shambani kwake. Tulipita sita, watano ni vibarua wake." Akanitazama kana kwamba mimi ndiye mwenye mzaha. "Shemeji, kila kaya ina mlango wake. Kule msituni watu wanaelekezana: wa fulani uko kwenye mkwaju, wa fulani uko kwenye jiwe. Kwani hukujua?"

Sikujua. Kijiji kizima kilikuwa kimejenga ukuta mchana, kisha kila mtu kwa wakati wake akarudi kutoboa tundu la vibarua wake, na mimi peke yangu, fundi wa maboma, nimeshindilia udongo kwa mchi. Recheli alikuwa amesimama pale. Aliziba mdomo kwa kanga, na niliona anataka kucheka.

"Na wako uko wapi, shemeji?" Anselm akauliza. "Nisije nikahangaika siku ya kutoka."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema kwamba sina. Neno moja tu. Lakini nilikuwa nimechekwa ndani ya bani langu mwenyewe, na nikajibu kwa ujeuri, "Upo. Kando ya kichuguu."

"Kando ya kichuguu," akarudia, akageukia moto wake.

Nilisema moyoni kwamba nitakwenda kuutoboa kesho. Kesho yake ilinyesha. Siku iliyofuata nilikuwa shambani. Siku nyingine niliuangalia ule ukuta, minyaa imeshika vizuri, imechanua, nikaona huruma kuukata. Naapa, niliuonea ukuta huruma. Nikasema bado siku mbili moto uishe, nitakata siku ya mwisho.

Alhamisi saa sita mchana mwano ukapigwa.

Kwetu mwano si kelele tu. Ni yowe la hatari, na lina sheria zake ambazo hata mtoto wa kunyonya anazijua. Ukisikia, kila mwanamume anatoka na silaha aliyonayo, anaitikia, anakimbilia unakotokea. Asiyetoka anaadhibiwa. Mwizi asipokamatwa, nyumba hupekuliwa moja baada ya nyingine. Na mtu yeyote anayeonekana kukimbia kwenda upande mwingine, huyo ndiye.

Nilikuwa shambani. Nilitupa majani, nikashika rungu, nikakimbia kwenye maduka. Majidi, mfanyabiashara aliyetoka Mtendeni kuja kufungua duka kwetu, alikuwa amelala mbele ya mlango wake, amechomwa kisu tumboni, na wanawake wawili wamemkandamizia kanga ambazo zilishabadilika rangi. Droo ya duka ilikuwa imetupwa nje. Majidi alikuwa anainua mkono, anajaribu kusema, na mkono wake ulielekea barabarani. Hakuna aliyeufuata. Mtu mmoja akapiga kelele, "Msituni! Wametoka msituni!" Mpaka leo siwezi kuapa kwamba haikuwa sauti yangu. Nusu mwaka tulikuwa tumeutazama upande ule, tumeuchimbia, tumeupandia miiba. Miguu yetu wenyewe ilikwisha kuzoea kwamba hatari inakaa huko.

Tukajipanga mstari, wanaume themanini au tisini, filimbi zinalia, tukaelekea magharibi tukipekua kila kichaka. Tulitaka kuwasukumia wezi ukutani. Ndiyo kazi ya ukuta, Ngassa alikuwa anapiga kelele, leo mtaona kazi ya ukuta.

Na Anselm alikuwa kwenye bani. Angetoka na kuitikia mwano, angeonekana. Angebaki, tungemkuta tunapopekua, na angetupeleka wote kwenye viboko, dada yake na mimi. Recheli aliniambia baadaye kwamba alimsihi ajifiche chini ya kuni. Akasema, "Hapana, dada, wasije wakanikuta kwako." Akatoka mbio. Alikwenda kwanza kwa Lugembe, kwenye mlango alioujua. Wana wa Lugembe walikuwa wamesimama hapo mlangoni na mapanga, wanalinda siri ya baba yao. Ndipo akaukimbilia wangu.

Nilisikia mtu anaita, "Yupo kwa Emilian! Kwenye kichuguu!"

Nilikimbia kuliko nilivyowahi kukimbia. Nilitaka kufika wa kwanza. Nilifika nikakuta wako kumi mbele yangu.

Anselm alikuwa ametugeuzia mgongo, anachana minyaa kwa mikono. Alivunja tawi hili, akavunja lile, anapapasa, anasogea hatua moja, anapapasa tena. Maziwa ya mnyaa yalikuwa yamemchuruzika mpaka viwikoni. Yule mti ukivunjwa hutoa maziwa meupe yanayounguza jicho, na alikuwa amejifuta uso kwa mikono hiyohiyo. Hakuona tena. Alijitupa mbele kwa nguvu zake zote, akapita safu ya kwanza, safu ya pili, akaingia kwenye mgunga, na huko nilikokuwa nimebana miiba kwa ustadi ikamshika shati, ikamshika shavu, ikamshika sikio. Ngassa akamvuta mguu. Alitoka na sikio limechanika.

"Jamani, subirini," nikasema. "Subirini kidogo."

Aliitambua sauti yangu. Akageuza uso wake upande wangu, macho yamefumba, yanatiririka, damu na maziwa vimechanganyika kidevuni.

"Shemeji," akasema, "mlango uko wapi? Nimeutafuta."

Filimbi zikanyamaza. Lugembe akanigeukia, anahema.

"Mlango gani, Emilian?"

Niliwatazama usoni mmoja mmoja. Wote walikuwa na milango. Lugembe alikuwa na mlango wa kupitisha baiskeli na mzigo wake. Na wote walinitazama mimi kama vile wamemkamata mwizi wa pili. Maneno ya kusema nilikuwa nayo: huyu ni ndugu wa mke wangu, mnamjua, tangu Jumamosi yuko kwenye bani langu, hajaua mtu, na amepita kwako wewe mwenyekiti. Nayasema sasa bila kukwama hata neno. Siku ile nilisema, "Sina mlango mimi. Ukuta wangu ni mzima. Kagueni."

Na Ngassa akakagua. Alizitembea hatua zangu ishirini, anasukuma kwa rungu, Lugembe amemkanyaga Anselm shingoni. Alirudi akasema, "Kweli. Hauna hata tundu la panya."

Anselm alisikia. Mpaka hapo alikuwa anafikicha macho, akaacha. Mikono ikalala chini pande mbili. Sijui alifikiri nini, na ninajua alifikiri nini.

Kisha akaanza kusema, kwa upole wake uleule, "Mzee Lugembe, wewe unanijua. Mimi nilipita kwa—"

Lugembe alimpiga kwa rungu lake mdomoni. Meno yakavunjika, sentensi ikaishia hapo. Na ninaamini hicho ndicho kilichomuua. Wizi wa dukani haukumuua, wala kisu alichochomwa Majidi. Wale waliosimama pale hawakutaka sentensi ile imalizike mbele ya polisi, kwa sababu baada ya mlango wa mwenyekiti ingefuata ya kwao.

"Kila mtu aguse," Lugembe akasema.

Hiyo nayo ni desturi, ingawa hakuna atakayeisema mbele ya hakimu. Mtu akiuawa na kijiji, kila mmoja anapiga, ili asipatikane wa kwenda kushuhudia. Wakaanza. Fimbo ya kwanza ilimpata kifuani, ya pili kwenye goti, nikasikia goti linaachia. Alijikunja, wakamkunjua. Mmoja alimpiga na mpini wa jembe mbavuni mara tatu ingawa ilitosha mara moja. Majirani zangu, ambao Jumapili tunapeana mkono wa amani kanisani. Hakulia kwa sauti. Alikuwa anavuta pumzi kwa kelele, na damu ilitoka na pumzi hiyo.

Nilikuwa wa kumi na moja. Rungu langu lilikuwa limeanguka, sijui saa ngapi. Lugembe akanipa lake, limeloa kwenye mpini. Alinitazama usoni, akangoja.

Nilipiga. Nilichagua bega. Nimelitumia bega hilo kujitetea moyoni mara nyingi, kana kwamba bega lile halikuwa la Anselm. Alishtuka nilipompiga, kisha akatulia. Aliyenifuata alikuwa Ngassa, na Ngassa alipiga kichwa, na waliomfuata yeye walikuwa wanapiga maiti.

Recheli alifika unga ukiwa bado mikononi. Wanawake wanne walimshika. Alimwona ndugu yake, kisha aliniona mimi na rungu la mwenyekiti mkononi. Alipiga ukelele mmoja tu, mfupi. Nilitaka kulitupa rungu lakini vidole havikufunguka.

Jioni gari lilipokuja kumchukua Majidi kumpeleka hospitali, alikuwa na nguvu ya kusema. Vijana wawili, akasema, walikuja na pikipiki kwa barabara ya serikali. Walimwamkia vizuri, wakanywa soda, wakamtania kuhusu timu yake. Lafudhi ya hapahapa. Baada ya kumchoma waliondoka kwa barabara ileile, taratibu kabisa, wakati sisi tunapuliza filimbi msituni. Majidi alipona. Wale vijana hawajapatikana.

Polisi waliandika kwamba marehemu aliuawa na wananchi wenye hasira kali. Waliuliza majina, wakaambiwa ni watu wengi. Vibarua watano wa mwenyekiti walikuwa ghalani kwake muda wote huo, na ghala la mwenyekiti halikupekuliwa. Walimaliza msimu, wakatoka kwa mlango wao.

Tulipopewa maiti nilichimba kaburi peke yangu nyuma ya nyumba. Hakuna jirani aliyekuja na jembe. Moto wa bani ulikuwa umezimika siku nyingi, majani yameoza yote, yananuka mpaka barabarani. Siku ya pili baada ya mazishi Recheli alikwenda kwenye boma. Nilimwona kwa mbali. Alianza mwanzo wa hatua zetu, akatembea polepole, anagusa kila mti kwa kidole, mpaka mwisho. Akarudi kwenye kichuguu, akasimama pale muda mrefu. Aliporudi nyumbani alipika ugali, akaniwekea sahani mbele yangu, akasema, "Kando ya kichuguu." Basi. Nilianza kusema neno, akainua mkono. Tangu siku hiyo tulikuwa tunaongea habari za maji na kuni tu.

Mwezi wa sita akaja mzee Anton. Alitoka Burundi, akapanda basi Kigoma, akashuka barabara kuu, akaletwa na bodaboda mpaka mlangoni kwangu mchana kweupe. Hana kibali, hana karatasi yoyote, na sungusungu waliokuwa barabarani walimwamkia. Mzee aliyekonda, kofia mkononi, viatu amevifuta vumbi kabla ya kuingia uani.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba, mkwe wangu." Aliushika mkono wangu wa kulia kwa mikono yake miwili, hakuuachia. "Nimekuja kwanza kwako kabla ya kaburi. Recheli ameniambia yote kwa simu. Amesema kijiji chenu kilijenga ukuta, na wewe ukaacha mlango kwa ajili ya mwanangu. Akasema alikufa hajaufikia. Mungu akuone."

Nilimtazama Recheli. Alikuwa anasuuza vikombe, hakuinua uso.

"Baba, mimi—"

"Hapana, wacha niseme, nimelisema moyoni njia nzima," mzee akasema. "Nataka unionyeshe mlango huo. Nataka kujua alibakiza hatua ngapi."

"Kwanza ule, baba," Recheli akasema. "Emilian atatangulia kusafisha njia. Kule majani yamekua." Ndipo akaniangalia, mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu. Sikuona chuki machoni mwake. Aliniangalia kama unavyomwangalia mtu uliyempa kazi na unajua itamchukua muda gani.

Nilichukua panga nikakimbia. Sikupita njiani, nilikatisha mashambani, napiga mbio uzee huu wote. Kwenye kichuguu nilianza kukata bila hata kupima. Minyaa ilikuwa imenenepa vifundoni. Kila pigo lilirusha maziwa. Yalinirukia shingoni, mdomoni, yakaniingia jicho la kushoto, nikaendelea na la kulia. Nilipofika kwenye mgunga nikatupa panga, nikavuta kwa mikono, kwa sababu nilikuwa nimeyafuma yale matawi moja ndani ya jingine na panga halikupata nafasi. Nililaani mikono iliyojenga vile. Nililia, na simdanganyi mtu kwamba yalikuwa ni maziwa ya mnyaa peke yake. Nilikuwa nimetoboa tundu la kupita kichwa na bega moja niliposikia kikohozi nyuma yangu.

Mzee alikuwa peke yake. Aliiangalia ile damu mikononi mwangu. Aliyaangalia matawi yaliyotapakaa chini, mabichi, yanachuruzika. Amelima maisha yake yote yule mzee. Akainama, akapeleka kidole kwenye kisiki nilichokata, maziwa yakamshika kidoleni, akakiangalia kidole kile muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia.

Nilipiga magoti. Nilimwambia yote, tangu "upo" niliyosema kwenye bani mpaka bega. Nilisema haraka haraka, jicho moja limefumba, sijui alielewa nusu au yote. Nilipomaliza nilingoja anipige, nilitamani anipige, panga lilikuwa hapo karibu na mguu wake.

Aliliokota. Akanishikisha mpini.

"Mlango bado ni mdogo," akasema. "Yeye alikuwa na mabega mapana. Panua."

Kisha akakaa juu ya kichuguu, kofia yake magotini, akanitazama nikikata.